Adamson, ‘Baba ya Simba’ aliyeipa afisi kisogo akahamia nyika ya Kora

JINA la Adamson likitajwa, wengi humkumbuka kwanza Joy, mwandishi wa kitabu Born Free kilichotoka mwaka wa 1960 na kuifanya Kenya ijulikane kote duniani kwa ajili ya simba jike aliyeitwa Elsa. Mumewe, George, hutajwa baadaye, mithili ya mtu aliyeajiriwa kubeba bunduki na kushika usukani wa gari. Ilhali ni yeye aliyeishi nyikani kwa miaka mingi zaidi, akiwa na mali chache zaidi, na ni yeye aliyekataa kuondoka huko hata marafiki zake walipomsihi kwamba wakati wa kuondoka ulikuwa umewadia.

George Adamson alizaliwa Februari 3, 1906 katika mji wa Etawah nchini India, ambako babake, mtu mwenye asili ya Ireland, alikuwa akifanya kazi enzi hizo za ukoloni wa Waingereza. Alipelekwa Uingereza kusoma, na mwaka wa 1924 akiwa kijana wa miaka 18 akaja Kenya, ambako wazazi wake walikuwa wameanzisha shamba la kahawa huko Limuru. Matarajio yalikuwa wazi: kijana angejifunza kilimo, arithi shamba, aoe na kuzeeka barazani akiitazama mibuni.

Kilimo hakikumwingia. Kwa zaidi ya miaka kumi alihangaika kutoka kazi moja hadi nyingine. Alikuwa miongoni mwa walioingiwa na homa ya dhahabu iliyozuka Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, akachimba na kuambulia patupu. Alifanya biashara ya mbuzi na ya nta ya nyuki. Aliwaongoza wageni matajiri katika safari za uwindaji. Mnamo 1934 yeye na rafiki yake mmoja walikwenda hadi Ziwa Rudolf, ambalo sasa ni Ziwa Turkana, wakitafuta dhahabu tena. Hawakuipata, lakini walivuka maji ya ziwa hilo lenye mamba na dhoruba za ghafla kwa chombo walichokiunda wenyewe kwa vijiti na turubai. Mtu anayetafuta riziki tu asingethubutu kufanya hivyo, na yamkini tayari dhahabu ilikuwa kisingizio.

Mwaka wa 1938 alipata ajira katika Idara ya Wanyamapori, akapelekwa Isiolo. Eneo alilosimamia lilikuwa Mkoa wa Mpakani wa Kaskazini, nchi pana ya jangwa, mawe na mito ya msimu iliyofika mipaka ya Ethiopia na Somalia. Kwa ngamia, kwa miguu na baadaye kwa gari la Land Rover, alizunguka humo kwa zaidi ya miongo miwili akiandamana na maaskari wa wanyamapori wenyeji wa maeneo hayo, ambao ujuzi wao wa kusoma nyayo ndio uliomfundisha mengi.

Hiyo nayo ilikuwa kazi ya serikali kama nyingine yoyote. Palikuwa na mshahara, nyumba, ripoti za kila mwezi, na afisi kuu Nairobi iliyotaka majibu ya barua zake. Palikuwa pia na jambo ambalo vitabu vya watoto hulipitia juujuu: msimamizi wa wanyamapori wa enzi hizo alikuwa muuaji wa wanyama kwa amri. Ndovu wakivamia mashamba, yeye ndiye aliyeitwa. Simba wakila ng’ombe au mtu, yeye ndiye aliyetumwa na bunduki. George alikwisha kuua simba wengi kabla hajamlea hata mmoja.

Mwaka wa 1944 alimwoa Joy, msanii mzaliwa wa milki ya Austria aliyekuwa akichora maua na watu wa makabila ya Kenya. Walikuwa watu wawili wasiofanana. Joy alikuwa mwingi wa maneno na hasira za ghafla, naye George alikuwa mtu wa kimya, wa kiko na ndevu. Ndoa yao ilijaa mitafaruku tangu mapema, na huenda ingevunjika kabisa lau si mkasa wa Februari 1956.

Mwezi huo, George alikuwa akimsaka simba aliyekuwa amemuua mtu wa jamii ya Waborana. Simba jike alitoka vichakani na kumshambulia, naye akampiga risasi. Baadaye iligunduliwa kwamba mnyama huyo alikuwa akiwalinda watoto wake watatu waliofichwa katika ufa wa mwamba. George aliwabeba akawapeleka nyumbani. Wawili wakubwa walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kabisa alibaki, akaitwa Elsa.

Yaliyofuata yanajulikana. Badala ya kumtia Elsa kizuizini maisha yake yote, wanandoa hao waliamua kumfundisha kuwinda na kuishi mwituni, jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati huo waliliona muhali. Elsa alifaulu. Katika eneo la Meru alipata dume la mwituni, akazaa watoto watatu, na aliendelea kurudi kambini kuwaamkia waliomlea. Januari 1961 alikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa kando ya mto huko Meru. Alikuwa na miaka mitano.

Watoto wa Elsa, Jespah, Gopa na Elsa Mdogo, walibaki mayatima, nao wakaanza kuvamia mbuzi wa wanavijiji. Jespah alipigwa mshale na ncha yake ikabaki mwilini. Kwa wafugaji hao, mbuzi alikuwa karo, mahari na chakula, na hawakuwa na sababu ya kumheshimu simba kwa vile mamake aliandikwa kitabuni. George, aliyekuwa afisa wa serikali na wakati huohuo mlezi wa wahalifu hao, alijikuta katikati. Hatimaye simba hao walinaswa na kuhamishiwa Serengeti, ng’ambo ya mpaka, mwaka huohuo wa 1961.

Ni katika kipindi hicho cha misukosuko ndipo alipoiacha kazi. Alikuwa na miaka 55 au zaidi kidogo, umri ambao maafisa wenzake walikuwa wakinunua nyumba Uingereza au pwani ya Mombasa. Yeye alipanda gari akaenda Serengeti pamoja na Joy kuwatafuta watoto wa Elsa, akilala ndani ya gari na kupuliza kurunzi gizani kwa miezi mingi. Cheo hakuwa nacho tena, wala gari la serikali, wala haki ya kumwamuru mtu yeyote. Alibaki na malipo madogo ya uzeeni.

Filamu ya Born Free ilipigwa nchini Kenya na kutolewa mwaka wa 1966, huku George akiwa mshauri wa namna ya kuwashughulikia simba. Waigizaji wake wakuu, Bill Travers na Virginia McKenna, wakawa rafiki zake wa kudumu. Kazi ilipokwisha, simba wengi waliotumiwa walipelekwa katika bustani za wanyama. George alipigania angalau wachache, na akaruhusiwa kuwachukua watatu, Boy, Girl na Ugas, hadi Meru ili awarudishe porini kama Elsa.

Kwa miaka kadhaa kazi hiyo iliendelea vyema. Kisha mwaka wa 1969 Boy alimrukia na kumng’ata mkono mtoto mdogo wa msimamizi wa mbuga hiyo akiwa ndani ya gari. Mtoto alipona, ila mradi ulifikia kikomo. George aliambiwa aondoke Meru, na Boy ambaye baadaye alipatikana amevunjika mguu akafanyiwa upasuaji na kuuguzwa kwenye makao ya Joy, Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha.

Mtu mwenye umri wa miaka 64, asiye na kazi, mwenye simba mlemavu ambaye hakuna mbuga iliyomtaka, angeweza kusalimu amri. Badala yake George alitafuta mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumfukuza. Alipaona Kora.

Kora ni nyika kavu iliyo kusini mwa Mto Tana, mashariki ya Meru. Ni nchi ya miiba, mbung’o, joto kali na milima ya mawe inayochomoza ghafla kutoka ardhini. Mito midogo huwa mchanga mtupu isipokuwa siku chache baada ya mvua, na kijani pekee cha kudumu ni mikoma na miti mirefu iliyojipanga kandokando ya Tana. Watalii hawakuijua, na serikali haikuiona kuwa na faida kubwa. George alilikodi eneo hilo kutoka kwa baraza la Wilaya ya Tana River, na mwaka wa 1970 akahamia huko na Boy.

Aliandamana pia na simba mwingine ambaye kisa chake ni kama hekaya. Christian alinunuliwa akiwa mdogo katika duka kubwa la Harrods jijini London mnamo 1969 na vijana wawili Waaustralia, John Rendall na Anthony Bourke, waliomfuga katika duka la samani na kumchezesha katika uwanja wa kanisa. Travers na McKenna walipompata huko, walipendekeza apelekwe kwa George. Hivyo simba aliyezoea baridi ya London akaletwa kwa ndege hadi Nairobi, na kutoka hapo kwa gari hadi joto la Kora, ambako ilimbidi ajifunze kutembea kwenye mawe ya moto.

Kambi iliitwa Kampi ya Simba. Iliundwa na Terence, mdogo wake George, fundi wa kujifundisha mwenyewe ambaye hakupenda simba hata kidogo bali alipenda ndovu, na ambaye alitumia miaka yake yote ya uzeeni akikata barabara katika vichaka vya Kora pamoja na vibarua wachache. Palikuwa na vibanda vya kuezekwa kwa majani ya mikoma, meza ndefu ya kulia chakula, mashine kuukuu ya kupigia chapa, na ua mrefu wa nyaya. Ua huo ulikuwa wa kuwafungia binadamu. Simba walikuwa nje. Viti vya msalani vilikuwa mifupa ya taya za ndovu. Umeme haukuwapo, na maji yalichotwa Tana.

Mzee huyo aliishi hapo akiwa amevaa kaptura na makubazi, kifua wazi, nywele na ndevu zikiwa nyeupe pe. Asubuhi aliwatupia kanga na hondohondo nafaka, kisha akatoka kwa miguu kuwatafuta simba wake, akifuata nyayo na kuwaita kwa majina. Jioni palikuwa na glasi ya kinywaji na kiko. Usiku alilala kwenye kitanda kilichowekwa wazi chini ya nyota, akisikiliza ngurumo na kujua ni nani aliyenguruma. Wenyeji walimwita ‘Baba ya Simba’.

Ni rahisi kulisifu pambo hili la maisha na kusahau gharama yake. Boy na Christian walikaa pamoja vyema, lakini simba wa mwituni waliokuwa wenye himaya hiyo hawakuwakaribisha. Mwana-simba wa kike, Katania, alitoweka kando ya Tana, na ilidhaniwa alichukuliwa na mamba. Kisha Juni 1971 likatokea lile ambalo George aliliogopa tangu Meru. Boy alimshambulia Stanley, mfanyakazi wa kambi, nje kidogo ya ua. George alisikia mayowe, akakimbia na bunduki, akamfukuza Boy na kumpiga risasi papo hapo. Stanley alikata roho dakika chache baadaye. Simba aliyemhangaikia kwa miaka sita, akamtafutia makao mapya na kumuuguza mguu, alikufa kwa mkono wake mwenyewe, na mtu aliyekuja kutafuta mshahara hakurudi kwa jamaa zake.

Wakosoaji walipata hoja, na hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Simba aliyelelewa na watu hamwogopi mtu, na asiyemwogopa mtu ndiye hatari kuliko wote. Wanasayansi waliongeza kwamba simba mmoja mmoja hawaokoi aina nzima, na kwamba fedha na miaka hiyo ingetumika vyema zaidi kulinda makao ya wanyama wote. George hakuwa mtu wa kubishana katika mikutano. Jibu lake lilikuwa kuendelea. Hata hivyo, ukweli ni kwamba hoja ya pili aliijibu bila kukusudia, kwani uwepo wake na sifa za simba wake ndizo zilizochangia Kora kutangazwa hifadhi mwaka wa 1973.

Mwaka huohuo wa 1971 Rendall na Bourke walikuja kumtembelea Christian. Simba aliyekuwa amekwisha kuzoea pori aliteremka mwambani, akasita, akawatambua, kisha akawarukia na kuwakumbatia mabegani. Tukio hilo lilipigwa picha za filamu, na mnamo 2008 likaenea katika intaneti na kutazamwa na mamilioni ya watu, wengi wao wasiojua kwamba mlimani hapo palikuwa na mzee aliyepanga yote. Mapema mwaka wa 1973 Christian alivuka na kuelekea upande wa Meru, na hakuonekana tena. Kwa George huo ulikuwa ushindi: mwanafunzi aliyemaliza masomo haandiki barua.

Wengine walikuja. Tony Fitzjohn, kijana Mwingereza asiye na kazi maalumu, alifika mwaka wa 1971 akawa msaidizi wake kwa karibu miongo miwili. Mwaka wa 1975 Fitzjohn alishambuliwa na simba na kunusurika chupuchupu baada ya mzee kumfukuza mnyama huyo. George mwenyewe aliwahi kung’atwa shingoni. Mwaka wa 1980 ilikuwa zamu ya Terence, aliyeraruliwa uso, na serikali ikaamua imetosha: hakuna simba wapya watakaoletwa Kora.

Mwaka huo ulianza kwa msiba mwingine. Joy, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiishi mbali na mumewe akiwalea duma na chui, aliuawa Januari 3, 1980 katika hifadhi ya Shaba. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha ni jeraha la kisu au upanga, na mtu aliyewahi kuwa kibarua wake akapatikana na hatia. Wawili hao hawakuwahi kutalikiana. Walikutana wakati wa Krismasi, wakagombana, wakaagana, na kuandikiana.

Lakini adui mkubwa wa Kora hakuwa simba wala ripoti za wanasayansi. Nyakati za ukame wafugaji Wasomali na Waorma waliingiza makundi ya ng’ombe, ngamia na mbuzi hadi Tana, kwa kuwa hapakuwa na maji kwingineko. Kwao, malisho hayo yalikuwa ya babu zao kabla mtu yeyote hajachora ramani ya hifadhi, na mgogoro huo George hakuweza kuutatua kwa bunduki wala kwa huruma. Nyuma ya wafugaji wa haki walikuja watu wengine, magenge yenye bunduki za kisasa yaliyotafuta pembe na kumaliza faru na ndovu wa eneo hilo. Novemba 1988 faru weupe watano waliokuwa wakilindwa usiku na mchana katika mbuga jirani ya Meru waliuawa kwa pamoja. Katikati ya mwaka uliofuata watalii wawili Wafaransa waliuawa humohumo Meru. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi kuonyesha dunia kwamba Kenya imechoka.

George wakati huo alikuwa na miaka 83. Terence alikwisha kufariki mwaka wa 1986, na Fitzjohn alikuwa ameelekea Tanzania kuanza kazi katika hifadhi ya Mkomazi. Marafiki walimtaka mzee ahame. Macho yake yalikuwa yamedhoofika na pumzi fupi. Lakini mwaka uliotangulia alikuwa ameruhusiwa tena kuwalea watoto watatu wa simba waliofiwa na mama yao, Batian, Rafiki na Furaha, na hakuona angewaachia nani.

Jumapili ya Agosti 20, 1989, ndege ndogo ilitua katika uwanja wa Kora, kilomita chache kutoka kambini. Gari la kambi lililotumwa kuwapokea wageni, likiwa limembeba mgeni wa kike Mjerumani, lilivamiwa njiani na majambazi. Milio ya risasi ikasikika kambini. George alichukua bastola yake kuukuu, akaingia kwenye Land Rover pamoja na wafanyakazi wake, akaelekea kule kule. Alipowaona watu wenye bunduki hakusimama wala kugeuka. Aliongeza mwendo akawaelekea. Alipigwa risasi akafa, na wasaidizi wake wawili Wakenya wakafa pamoja naye. Yule mgeni alipata mwanya wa kukimbilia kichakani, akaokoka.

Magazeti ya dunia yaliandika sana kuhusu mzee mwenye ndevu nyeupe. Kuhusu wale wafanyakazi wawili yaliandika mistari michache, au hayakuandika kabisa, ingawa wao hawakuwa na jina la kulinda wala kitabu cha kuuza, na walipanda gari lile lile wakijua linaelekea wapi.

George alizikwa Kora, karibu na Terence na karibu na kaburi la Boy, simba aliyempiga risasi. Muda mfupi baadaye hifadhi hiyo ilipandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa, na mwaka wa 1990 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaanzishwa kuchukua mahali pa idara ile ya zamani. Batian, Rafiki na Furaha hawakubaki. Kijana mmoja mhifadhi, Gareth Patterson, aliwasafirisha hadi Botswana kwa kuwa Kora haikuwa salama tena kwao. Fitzjohn alirudi miaka mingi baadaye kuijenga upya Kampi ya Simba, na alifariki mwaka wa 2022. Maporomoko ya Tana yaliyo kwenye mpaka wa Kora na Meru yangali yakiitwa Adamson.